Ana homa, lakini ni kichaa: ugonjwa wa akili unavyopewa jina

Kijiweni kwetu hapa Mtwara mjini, madereva wa bajaji wakiwa kwenye kahawa wanasubiri abiria, alipita kijana amejifunga shuka kiunoni, anaongea peke yake kwa sauti. Dereva mmoja akamgusa mwenzake: "Mwache apite huyo, ana afya ya akili." Hakuna aliyeuliza maana yake. Wote tulielewa.

Msemo huu umeenea mno. Watu wameambiwa na redio na semina kwamba neno kichaa linaumiza, wakalipokea neno jipya na kuliweka pale pale lilipokuwa la zamani. Sasa "ana afya ya akili" maana yake kichaa, na "huyu ana changamoto" limekuwa tusi la kumrushia yeyote asiyekubaliana nawe kuhusu Simba na Yanga. Ukilisikiliza vizuri ni sawa na kusema "huyu ana afya ya meno" kwa sababu jino lake limeoza.

Afya ya akili ni ya kila mtu, kama ilivyo afya ya mwili. Leo imekaa vizuri, kesho inayumba. Ugonjwa wa akili ni pale mawazo, hisia au mwenendo wa mtu unapovurugika kwa kiasi kikubwa na kwa muda mrefu, hata ukamtesa au ukamzuia kuishi maisha yake. Katikati ya hayo mawili kuna uwanja mpana ambao sote tunaupitia: huzuni, hofu, usiku bila usingizi kwa sababu bei ya korosho imeanguka mnadani na ada ya shule haingoji.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 duniani, yaani mmoja kati ya wanane, walikuwa na tatizo la akili la aina fulani. Takwimu hiyo ikisomwa redioni watu hutazamana: kumbe kwenye daladala ya abiria kumi na sita wamo vichaa wawili! Sivyo. Kundi kubwa kati ya hao milioni 970 ni wenye wasiwasi uliopitiliza na wenye sonona, yaani ile huzuni nzito isiyonyanyuka. Wanaamka, wanakwenda shamba, wanafundisha darasani, na ukikutana nao hujui. Wenye skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti zisizosikiwa na wengine na kuamini mambo ambayo huwezi kumtoa, ni kama mmoja kati ya watu 300. Huyo mmoja ndiye tunayemwona barabarani, kisha tunamfanya kuwa picha ya wote.

Naandika nikimkumbuka mtu wangu. Mtoto wa mjomba wangu, tuliyekua naye Newala, alianza kusikia sauti akiwa na miaka 22, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Kwanza alisema majirani wanamsema usiku. Kisha akaacha kula chakula alichopika mama yake. Mavuno yalipofika hakuwa na jina tena. Watoto walimwita "kichaa wa kule kwa mjumbe", na wakubwa, wakielekeza njia, walimtaja kama mtu anavyotaja mbuyu au kisima.

"Ana" na "ni"

Tazama lugha yetu inavyofanya. Mtu akipata malaria, ana malaria. Akipata kisukari, ana kisukari. Presha ikipanda, ana presha. Lakini akili ikiugua, mara nyingi "ana" inaondoka na "ni" inaingia: ni kichaa, ni chizi, ni mwehu. Wapo wanaosema "ana wazimu", lakini hata hao wakikasirika hurudi kwenye "ni". Ugonjwa unaacha kuwa kitu kilichompata mtu, unakuwa ndiye mtu mwenyewe. Na kichaa amewekwa kwenye umbo moja na kipofu, kiziwi na kilema, pamoja na kiti na kijiko, ingawa kitenzi kinamrudishia utu wake: tunasema kichaa amepita, hatusemi kimepita.

Majina yenyewe yamebeba maelezo ya zamani kuhusu chanzo. Wazimu lina shina moja na mzimu. Majununi limetoka kwenye Kiarabu, na ndani yake mna jini. Babu zetu hawakuwa wakitukana. Walikuwa wakieleza: mtu huyu ameingiliwa. Matusi yalikuja baadaye, maelezo yalipochakaa na jina likabaki peke yake.

Sasa linganisha na "malaria imempanda kichwani". Kila familia huku kusini inaijua hali hiyo. Mtu anaweweseka, anavua nguo, anawapiga wanaomshika, hamtambui mama yake. Anakimbizwa hospitali, anawekewa dripu, anatibiwa. Akipona, majirani wanamletea uji na kumcheka kidogo kwa aliyoyasema. Hakuna anayemwita kichaa wala anayekataa kumwozesha binti. Kwa siku mbili alifanya kila afanyacho "kichaa", lakini tunajua ni mbu, na kwa kuwa tunajua ni mbu tunamsamehe.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba unyanyapaa haufuati sana tendo la mgonjwa. Unafuata pengo la chanzo. Pale tusipoona mbu, tunatafuta mchawi, laana, bangi au tabia mbaya, na kila moja ya hayo ina mtu wa kulaumiwa.

Somo kutoka uwanda wa Makonde

Kuna ugonjwa mmoja ambao jina lake la kimataifa limetoka kwetu. Mwaka 1952 na 1953 homa kali ilivuma vijijini Newala na uwanda wa Makonde. Viungo viliuma hata watu wakatembea wamejikunja. Wenyeji waliuita kwa Kimakonde chikungunya, kile kinachompinda mtu. Daktari Marion Robinson aliandika juu yake mwaka 1955 akalibakiza jina hilo, na virusi vyake vikapatikana kwenye damu ya wagonjwa. Leo madaktari wa India na Brazil wanalitamka neno la Kimakonde bila kujua Newala iko wapi.

Nataka uone mfuatano. Kwanza watu waliona kilichotokea mwilini wakakipa jina. Jina lilisema mgonjwa anaonekanaje, halikusema kwa nini. Chanzo kilikuja baadaye, na jina likabaki. Kifafa cha mimba nacho hivyo hivyo: kimeitwa kifafa kwa kuwa mama anatupa mikono na miguu, kumbe ni ugonjwa wa ujauzito unaokwenda na presha kupanda, wala si kifafa. Kichaa cha mbwa ni kirusi kinachoingia kwa kung'atwa. Neno kichaa lipo pale kueleza sura tu.

Magonjwa mengi ya akili bado yako kwenye hatua ya kwanza ya chikungunya. Skizofrenia, sonona, baipola (mtu anapanda akawa na nguvu na furaha isiyo na breki, kisha anaporomoka) ni majina ya sura. Daktari amekusanya dalili zinazotokea pamoja, akaona zinavyokwenda, akaona dawa zipi zinasaidia, akazifunga kwa jina moja. Hakuna kipimo cha damu cha skizofrenia. Mgonjwa akipimwa damu, ni ili kuondoa wasiwasi wa mengine: malaria, sukari, virusi vya Ukimwi, kaswende, tezi ya shingo.

Kaswende nimeitaja kwa makusudi. Karne iliyopita ilipoanza, hospitali za vichaa za Ulaya zilikuwa na wagonjwa wengi waliojidai wafalme, kisha wakapooza na kufa. Ilidhaniwa ni aina ya wazimu. Mwaka 1913 watafiti Noguchi na Moore waliona vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa marehemu wa namna hiyo. Daktari Julius Wagner-Jauregg wa Vienna akawa anawaambukiza malaria kwa makusudi ili homa ipambane na ugonjwa huo, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Penisilini ilipofika, wodi zile zikaanza kubaki tupu. Kundi zima la "vichaa" lilihama kutoka wazimu kwenda kwenye maambukizi, na aibu ikahama nalo. Kifafa nacho kilishahama njia hiyo kwenye vitabu vya tiba, kwamba ni hitilafu ya umeme wa ubongo na hakiambukizi kwa povu wala kwa mkojo. Huku vijijini bado hakijafika, na kuna watoto wanaoungua kwenye mafiga kwa sababu watu waliogopa kuwashika.

Mstari unachorwa wapi?

Kama hakuna kipimo, daktari anajuaje? Anauliza mambo matatu kwa maneno mengi: imekaa muda gani, imezidi kiasi gani, na imevunja nini katika maisha ya mtu. Kwa sonona, miongozo inataka angalau wiki mbili za huzuni au kutofurahia chochote, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, pamoja na mengine kama usingizi kuvurugika, chakula kukataa, mwili kuishiwa nguvu, kujiona huna thamani, au mawazo ya kufa. Mkulima aliyekosa raha siku tatu baada ya mnada hana sonona. Yule ambaye wiki ya tano inakatika, hajapalilia, haogi, hasalimii, na bei yenyewe imeshapanda, huyo asubiriwe nini tena?

Ubishi mkubwa uko kwenye msiba. Fikiria mama wa Lindi aliyefiwa na mume. Anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hali chakula vizuri, halali usingizi, na alfajiri anasikia mumewe akimwita kama alivyokuwa akimwita kwenda kuswali. Ukimpima kwa orodha ya dalili peke yake, utamwandikia dawa. Ukimuuliza bibi yake, atakwambia amefiwa.

Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kina mwongozo wake, na toleo la mwaka 1994 lilisema aliyefiwa asihesabiwe kuwa na sonona katika miezi miwili ya kwanza, isipokuwa kwa dalili nzito za pekee. Toleo la mwaka 2013 liliondoa kinga hiyo, na vita vikazuka. Waliopinga walisema mnageuza machozi kuwa ugonjwa ili vidonge viuzwe. Waliounga mkono walisema mtu aliyefiwa anaweza kupata sonona ya kweli, akafikia kujiua, na si haki kumnyima matibabu ati kwa sababu tunajua kilichoanzisha. Kisha orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 ikaleta ugonjwa wa maombolezo yaliyopitiliza: angalau miezi sita, na yawe yamevuka waziwazi kile ambacho jamii, utamaduni na dini ya mfiwa vinakitarajia. Wamarekani, mwaka huo huo, wakasema mwaka mzima. Ugonjwa mmoja, tarehe mbili.

Mimi naona sehemu ile ya "jamii, utamaduni na dini" ndiyo yenye busara kuliko zote. Eda ina mwanzo na mwisho. Mfiwa hakai peke yake, ana wa kumpikia na wa kumsomea dua. Na siku inapokwisha, akina mama wanajua aliyetoka na ambaye hajatoka. "Mwili umetoka eda, yeye bado," nimewahi kumsikia shangazi akisema. Hilo ni jicho la kidaktari, ingawa shangazi hajui kusoma.

Kwa kuwa mstari unachorwa na binadamu, wako waliosema ugonjwa wa akili haupo kabisa. Thomas Szasz, yeye mwenyewe daktari wa akili huko Marekani, alidai mwaka 1961 kwamba tunayoyaita magonjwa ya akili ni matatizo ya kuishi yaliyovikwa koti jeupe. Hoja yake ina nguvu mpaka uitazame presha. Kwa miaka mingi presha ya 140 juu na 90 chini ndiyo iliyohesabiwa kuwa ugonjwa. Mwaka 2017 wataalamu wa moyo wa Marekani walishusha mstari hadi 130 kwa 80, na mamilioni ya watu waliolala wazima wakaamka wagonjwa. Mstari ulisogezwa na kikao. Lakini muulize aliyepooza upande mmoja kama presha ni hadithi. Mpaka wa jambo unaweza kuwa na ukungu na jambo lenyewe likawepo, kama magharibi: hatukubaliani dakika ambayo usiku umeingia, ila giza tunalijua.

Anayeshika kalamu

Hofu ya Szasz, hata hivyo, haikutoka hewani. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright wa Louisiana, Marekani, alitangaza kwamba watumwa wanaotoroka wana ugonjwa wa akili. Akauundia jina, drapetomania, na kati ya tiba zake ulikuwamo mjeledi. Sisi wa kusini tuna Kilwa Kivinje, bandari waliyopitishiwa maelfu ya watu wakiwa wamefungwa shingo, wengi wao kutoka kando ya Ziwa Nyasa na katika njia zinazopita kwenye vijiji vyetu. Kwa hesabu ya Cartwright, aliyekata kamba akakimbilia porini ndiye aliyekuwa mgonjwa, na mwenye kamba alikuwa mzima.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha maandishi ya J. C. Carothers, daktari aliyekuwa amesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi. Aliifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, na alishikilia kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu bado tunalirudia wenyewe, tukidhani ni letu: "Sonona ni ugonjwa wa Wazungu, sisi tuna shida tu."

Lakini sikiliza watu wanavyosema kwenye foleni ya zahanati. "Nina mawazo." Mswahili akisema ana mawazo hana maana kwamba anafikiri. Ana maana kwamba fikra moja imemganda kifuani, inazunguka, hailali. Anaongeza: moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto, miguu mizito, tumbo limejaa gesi. Anapimwa malaria, hana. Anapewa panado. Anarudi mwezi unaofuata. Carothers na wenzake walitafuta mtu anayesema "nina huzuni", wakamkosa, wakahitimisha hakuna sonona. Ilikuwapo, inaongea kwa viungo vya mwili. Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alilichukua kama lilivyo. Kuanzia mwaka 2006 aliwafundisha akina bibi wa Harare kukaa na wenye kufungisisa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kutatua nao shida moja baada ya nyingine. Matokeo ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye mabenchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hawakulazimishwa kwanza wakubali neno la kigeni.

Na mashetani je? Hapa Mtwara na Lindi swali hili haliepukiki. Mtu anapandisha kwenye ngoma, anaongea kwa sauti si yake, anataka marashi, kisha anatulia na kurudi kupika. Ni mgonjwa? Orodha ile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inatambua tatizo la kupagawa, ila inasema wazi kwamba hali hiyo ikiwa ni sehemu ya mila au ibada inayokubalika mahali pale, haihesabiwi. Inahesabiwa pale inapomjia mtu bila kutaka, nje ya mila hiyo, ikamtesa na kumvurugia maisha. Kwa hiyo anayepandisha kwenye ngoma na kushuka na wenzake tumwache. Anayepandisha shambani, jikoni na usiku wa manane, asiyeshuka, aliyeacha kunyonyesha, huyo apelekwe hospitali. Dua iendelee. Sijawahi kuona dua na sindano vikigombana. Ninachokipinga ni kamba, na kumnyima mtu chakula ili shetani atoke. Mama aliyejifungua akibadilika ghafla katika siku za kwanza, haongei vizuri, hamtaki mtoto au anamwogopa, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa maisha ya wawili.

Yanayosemwa sana

"Ukoo wao una kichaa." Posa nyingi zimevunjika kwa sentensi hii, na huku kwetu, ambako makabila mengi yanahesabu ukoo kwa mama, lawama huangukia kwenye tumbo la mwanamke. Kurithi kupo, ila si kama tunavyodhani. Mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, uwezekano wa mtoto kuipata ni kama mmoja kati ya kumi. Maana yake tisa hawaipati. Na wagonjwa wengi hawana mzazi mwenye ugonjwa huo.

"Bangi imemharibu." Bangi inaongeza hatari, hasa kwa anayeanza akiwa mdogo na kwa kiasi kikubwa. Lakini wavutaji wengi hawaugui na wagonjwa wengi hawajavuta. Binamu yangu hakuwahi kuigusa, na bado kila aliyekuja kutupa pole alituuliza alianza lini kuvuta. Pombe tunaisamehe upesi zaidi, wakati matatizo yake nayo yamo kwenye orodha. Msimu wa mabibo ukiisha, mlevi wa uraka akiacha ghafla, siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka na kuona wadudu ukutani. Watu husema amerogwa na mwenye shamba. Ni mwili unaodai pombe, na unaweza kumuua. Awahishwe.

"Ni hatari." Wachache, wasiotibiwa, nyakati fulani. Wengi zaidi ni wao wanaopigwa, wanaoibiwa na, kwa wanawake, wanaobakwa.

"Dawa ndiyo inamfanya zezeta." Hapa wananchi wameona kitu cha kweli. Dawa za zamani za skizofrenia, ambazo ya kwanza ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, zinaweza kukakamaza misuli, kumtoa mtu mate na kumtembeza kama amebeba ubao mgongoni. Jirani anayeyaona hayo anadhani ugonjwa umezidi. Dawa ya kupunguza hali hiyo ipo, na dozi hushushwa, lakini lazima mtu arudi kliniki aseme. Familia yetu iliacha dawa mara mbili kabla ya mtu kutueleza hilo.

Je, tukisema "ni ugonjwa kama mwingine", inatosha?

Nilikuwa nikiamini hivyo. Nimeandika hapo juu kwamba aliyepata malaria ya kichwani tunamsamehe kwa kuwa tunajua chanzo, basi tukiwafundisha watu kwamba skizofrenia ni ya ubongo, aibu itaondoka. Wamarekani walijaribu hilo kwa miaka. Watafiti walilinganisha maoni ya wananchi wa mwaka 1996 na ya mwaka 2006: waliokubali kwamba ni ugonjwa wa ubongo waliongezeka, waliounga mkono matibabu wakaongezeka, lakini utayari wa kuwa jirani wa mgonjwa, kufanya naye kazi au kumpokea kwenye familia haukuongezeka. Watu waliacha kumlaumu, wakaendelea kumwogopa. Pengine hata zaidi, kwa sababu ubongo ulioharibika unasikika kama kitu kisichotengenezeka.

Nikaielewa tofauti niliyoiruka. Malaria ya kichwani inakwisha wiki hiyo hiyo, kisha unamwona mtu wako akinywa uji. Kinachoondoa hofu ni kumwona akiwa mzima, na mwenye skizofrenia hatumpi nafasi ya kuonekana akiwa mzima. Siku anazoumwa yuko barabarani mbele ya macho ya wote. Siku alizopata nafuu yuko ndani, au yuko Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927 ambayo jina lake tumeligeuza kuwa utani kabla ya kuwa tiba. Daktari Thomas Lambo wa Nigeria aliliona hilo mapema. Mwaka 1954, kule Aro, Abeokuta, aliwapangisha wagonjwa kwenye nyumba za vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake, wakitibiwa na kulima na kununua sokoni kama watu wengine. Wanakijiji waliwazoea. Kati ya njia zilizopimwa tangu hapo, kukaa karibu na mtu aliyepitia ugonjwa ndiyo inayopunguza woga kuliko mabango.

Na bado tunawasukuma kujificha. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia humwambia daktari kwamba kijana "alikunywa salfa kwa bahati mbaya". Kwenye hospitali moja niliyompeleka binamu yangu, mhudumu alisimama mlangoni akapaza sauti: "Mwenye kichaa wake aje!" Foleni nzima iligeuka. Binamu yangu, ambaye siku hiyo alikuwa ametulia na amevaa shati alilopiga pasi mwenyewe, alinitazama akauliza, "Ananiita mimi?" Tulitoka bila dawa. Tulirudi baada ya miezi miwili, akiwa mbaya.

Leo hatuhitaji kwenda mbali. Tunaanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Ikizidi, rufaa ni hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Binamu yangu anachomwa sindano kila mwezi, na mimi ninaweka tarehe kwenye simu yangu. Sauti hazijaisha zote. Anasema zimekuwa kama redio ya jirani, unaisikia lakini huijibu.

Msimu uliopita nilimsindikiza kwenye ghala la chama cha msingi. Alikuwa na magunia mawili ya shamba alilolipalilia mwenyewe. Karani, kijana mgeni asiyetujua, alishika daftari akaita majina yake matatu, la kwake, la baba na la babu. Binamu yangu hakusogea mara moja. Karani akarudia. "Naam," akaitikia, akainua gunia la kwanza akaliweka juu ya mzani, akainama kusoma kilo mwenyewe kabla hazijaandikwa.